Dakika 38 kwa Saa ya Nani?

Imekuwa ada katika magazeti, katika redio na katika kalenda za ukutani kuwapa watu kila asubuhi kijisehemu kiitwacho "Leo katika Historia". Ada yenyewe ni nyepesi: huchukuliwa tarehe moja, hutafutwa mambo yaliyotokea siku hiyo katika karne mbalimbali, hupangwa kwa mfululizo wa miaka, kisha msikilizaji hupewa pamoja na hali ya hewa na matangazo ya vifo. Hakuna anayedhurika, husemwa. Na mwenye kusikiliza ataondoka na chembe ya elimu kabla chai yake haijapoa.

Ada hii inastahili kushitakiwa, na shahidi afaaye ni tarehe 27 Agosti. Hiyo ndiyo siku ambayo Zanzibar huitwa kwa jina lake katika orodha za dunia. Na siku hiyo hiyo, kwa namna inavyoitwa, ndiyo siku inayofedheheshwa.

Orodha ya 27 Agosti, ikisomwa kama inavyosomwa, huwa hivi. Mwaka 1859, mafuta ya petroli yalipatikana katika kisima kilichochimbwa Titusville, Marekani. Mwaka 1883, mlima wa moto wa Krakatau, baina ya Java na Sumatra, ulipasuka. Mwaka 1896 vilipiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, baina ya Uingereza na Zanzibar; vilichukua dakika 38. Mwaka 1928, mataifa yalitia saini mjini Paris mkataba wa kuikataa vita. Mwaka 1963, W. E. B. Du Bois alifariki Accra. Mwaka 1975, Mfalme Haile Selassie alifariki akiwa kizuizini, Addis Ababa. Mwaka 1979, Lord Mountbatten aliuawa kwa bomu nchini Ireland. Kisha hupigwa wimbo.

Katika orodha hiyo yote, mambo mengine husomwa kwa sauti ya kawaida, na vifo husomwa kwa sauti ya chini. Ni kipengele kimoja tu kinachosomwa kwa kicheko kilichofichwa nyuma ya meno, nacho ni kile cha mwaka 1896. Dakika 38! Mtangazaji huongeza neno la mzaha: kwamba mpishi aliyeinjika chungu cha wali alipigana vita na kuvimaliza kabla wali haujaiva. Mzaha huo husemwa katika mji ule ule ulioungua, na husemwa kwa lugha ya watu wale wale walioungua ndani yake.

Lugha yenyewe ingalitosha kumzuia. Kiarabu kina neno moja, *tarikh*, lenye kubeba mambo mawili: siku kwa hesabu yake, na khabari ya mambo yaliyopita. Kiswahili kililipokea neno hilo na kulizalia watoto wawili, tarehe na tarikhi, na wazee walioandika kwa khati za Kiarabu hawakuwa wepesi wa kuwatenganisha. Kutaja tarehe kulikuwa ni kufungua mlango wa khabari. Orodha za "Leo katika Historia" zimefanya talaka baina ya ndugu hawa: zimeiweka tarehe kwa kuwa ni fupi, na zimeitupa tarikhi kwa kuwa inataka subira. Kinachobaki ni nambari iliyosimama peke yake kama mlingoti wa jahazi lililozama.

Tena, hata hiyo nambari si mtoto wa nchi. Siku ile mji wa Unguja haukuamka ukajiona katika tarehe 27 ya mwezi uitwao Agosti. Ulikuwa katika Mfungo Sita wa mwaka 1314 Hijria, siku chache tu baada ya kusomwa Maulidi. Mkulima wa shamba na nahodha wa jahazi walikuwa na hesabu nyingine tena, ile ya Nairuzi inayogawa mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, wakijua kwayo pepo za kusi na kaskazi. Kwa hesabu ya Hijria, ukumbusho wa msiba ule huzunguka majira yote: miaka mingine hupita wakati wa masika, miaka mingine hupita wakati wa kipupwe, na baada ya miaka thelathini na tatu hivi hurudi ulipoanzia. Asemaye "siku kama ya leo" hana budi aulizwe kwanza: leo ipi, na kwa kalenda ya nani?

Na asemaye "dakika 38" hana budi aulizwe zaidi. Nani aliyekuwa na saa mkononi? Wengine wameandika dakika 40, wengine 45. Khitilafu hiyo peke yake yaonyesha kwamba jambo halikuwa na mpaka wazi kama wa mchezo wa mpira. Lakini wote wanaohesabu huhesabu kwa njia moja: huanzia risasi ya kwanza ya manuwari na huishia pale mizinga ya manuwari iliponyamaza. Hiyo ni saa ya mpigaji. Mwenye kupiga anajua dakika aliyoanza, na anajua dakika aliyochoka. Aliyepigwa hana saa hiyo. Kwake jambo lilianza miaka mingi kabla, na halikumalizika saa tatu na dakika arubaini asubuhi.

Basi na ihesabiwe upya, kwa saa ya nchi kavu.

Mwanzo wake hauko Agosti hata kidogo. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka yao: Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka huo huo ikapatikana kwa Waingereza haki ya kukubali au kumkataa atakayekalia kiti cha Sultani. Tangu hapo kiti kilibaki mahala pake, mto wake ukabaki wa hariri, lakini ufunguo wa chumba ulikuwa katika mfuko wa Balozi wa Kiingereza. Mwaka 1893 alipokufa Sultani Ali bin Said, Khalid bin Barghash alijaribu kukikalia kiti akazuiwa. Akawekwa Hamad bin Thuwaini. Mizinga ya 1896 ilikuwa imeshashindiliwa baruti tangu siku hizo.

Hamad alikufa ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Khalid, mwana wa Sultani Barghash, hakungoja rukhsa. Aliingia katika majumba ya forodhani na wafuasi wake, na kabla jua halijatua bendera nyekundu ilipepea kwa jina lake. Aliyekuwa akikaimu ubalozi, Basil Cave, alimtaka atoke, akakataa. Simu zikapelekwa London, na idhini ikarudi. Bandarini zikakusanyika manuwari tano: *Philomel*, *Thrush*, *Sparrow*, *Racoon*, na *St George* iliyokuwa na bendera ya Admeri Harry Rawson. Khalid akapewa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Majumba ya kifalme yalikuwa ukingoni mwa bahari; baina yake na mizinga ile hapakuwa na kizuizi ila maji na hewa.

Ndani ya majumba yale walikadiriwa kuwamo watu wapatao 2,800. Walikuwamo askari, lakini walikuwamo pia watumishi, watumwa, na watu wa mjini waliopewa bunduki siku ile au jana yake. Silaha zao zilikuwa bombom chache, mizinga michache ya kupigania ugani, na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya kumi na saba. Baharini walikuwa na *Glasgow*, meli ya kifalme iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya Sultani Barghash. Saa tatu ilipopita dakika mbili mizinga ikafunguka. *Glasgow* ilijibu, ikapigwa, ikazama papo hapo bandarini. Milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji kwa miaka mingi, hata 1912, kila aingiaye na atokaye akiiona. Majumba yakashika moto. Watu takriban 500 wa upande wa Khalid waliuawa au walijeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja, naye alipona.

Je, hivi ndivyo vita? Neno *vita* katika Kiswahili halina umoja unaotumika. Huja kwa wingi daima, kana kwamba lugha inajua kuwa jambo hilo halifanywi na upande mmoja. Panapokuwa na watu mia tano huku na mtu mmoja kule, Kiswahili kina maneno mengine ya kutumia: kupigwa mizinga, kuadhibiwa, kuuawa. Walioita jambo lile vita walikuwa na faida ya kuliita hivyo, maana vita huwa na mshindi, na mshindi hupata nishani. Aliyefasiri kipengele kile kutoka lugha ya kigeni akaandika "vita vifupi kuliko vyote" alifasiri maneno, na hakufasiri tukio. Mfasiri aliye mwaminifu angalisita penye neno la kwanza. Angalijiuliza kama mwenye kupewa kofi na kuanguka huwa amepigana.

Saa ya nchi kavu haikusimama mizinga iliponyamaza. Mchana ule ule Hamoud bin Muhammed alisimikwa kuwa Sultani. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akakaa humo hadi tarehe 2 Oktoba 1896, alipotolewa kwa njia ya bahari na manuwari ya Kijerumani *Seeadler* na kupelekwa Dar es Salaam. Mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walimkamata huko, wakampeleka Saint Helena na Ushelisheli, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Akafa Mombasa mwaka 1927. Hiyo si dakika 38. Ni miaka thelathini na mmoja. Na wafuasi wake waliosalia walitozwa fidia: rupia 300,000, kwa ajili ya mali iliyoporwa mjini na kwa ajili ya gharama za makombora waliyopigwa. Msomaji na arudie sentensi hiyo polepole. Waliopigwa walilipia risasi. Hilo ndilo jambo ambalo orodha ya kila mwaka ingalipaswa kulikumbuka, lau kama ingalikuwa na haja ya kukumbuka, na hilo ndilo ambalo halimo.

Wapo watakaojibu kwamba haya ni makali ya bure. Watasema kuwa orodha ile huisaidia nchi: mgeni aliyesoma juu ya vita vifupi kuliko vyote huja kutazama, na ajaye hulala hotelini, hununua viungo na kinyago, na mpishi na mpiga mbizi wakapata riziki. Kweli riziki ni jambo zito, na kisiwa hakili mashairi. Lakini mgeni huyo hasimuliwi jambo, huchekeshwa. Huonyeshwa ukuta, huambiwa dakika, hucheka, hupiga picha. Watu waliokufa kwa moto wamefanywa kuwa vibwagizo vya matembezi. Nani angekwenda katika mji wa mgeni huyo, akasimama juu ya kaburi la pamoja, akacheka kwa kuwa waliomo walikufa upesi? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa binadamu mchungu. Na mgeni mwenye akili, akisimuliwa kisa kizima, atakaa siku mbili badala ya saa mbili.

Wengine watasema kuwa kujua kidogo ni bora kuliko kutojua kabisa. Kwamba mtoto wa skuli akijua "1896" leo, kesho atatafuta mengine. Hoja hii ingalikuwa na nguvu lau kama kidogo hicho kingalikuwa mbegu. Lakini dakika 38 si mbegu, ni kifuniko. Mtoto aliyeikariri kwa ajili ya chemshabongo huona amemaliza. Ana jibu, na mwenye jibu haulizi swali. Akiulizwa walikufa nani, hana jina hata moja. Akiulizwa kwa nini, atasema walishindana na dola kubwa kwa kutojua nguvu zake. Yaani ataikariri, kwa ulimi wake mwenyewe, hoja ya aliyepiga.

Lipo kundi la tatu, nalo linataka kujibiwa kwa heshima zaidi, kwa sababu linaipenda nchi. Hili hutaka 27 Agosti iwe siku ya ushujaa, na Khalid awe mpigania uhuru wa mwanzo. Lakini haki ikitakiwa, itakiwe yote. Khalid alikitaka kiti cha baba yake. Aliwaingiza majumbani watu ambao miongoni mwao walikuwamo watumishi na watumwa, wasiokuwa na sauti juu ya nani awe Sultani, na kwa mikono yao akajaribu nguvu na manuwari tano. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja ila mwezi wa Aprili 1897, na masuria walingoja hadi 1909. Basi miongoni mwa waliokuwamo asubuhi ile walikuwamo waliokuwa mali ya watu, baina ya dola iliyotaka kumchagua Sultani na mwana wa Sultani aliyetaka kuchaguliwa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi haziandikwi, si katika orodha za rekodi wala katika tenzi za kusifu mashujaa. Kuwatoa watu hao katika mzaha wa Waingereza na kuwatia katika sifa za Khalid ni kuwahamisha bwana.

Kisiwa hiki, kuliko mahala pengine, kingalipaswa kujua kuwa tarehe haina usingizi. Hapa ipo 10 Desemba 1963, siku ya uhuru isiyosherehekewa rasmi, na ipo 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi inayopigiwa ngoma. Na watu waliozaliwa nyumba moja huweza kutazamana kwa macho mawili tofauti siku hizo zinapofika. Hapana mtangazaji athubutuye kuzisoma kwa kicheko. Kwa nini? Kwa sababu wenyewe wangali hai, na watoto wao wangali hai, na kila mmoja anajua nani alilia na nani alishangilia. Wafu wa 1896 hawana mtu wa kugonga mlango wa studio. Kinachowafanya wachekwe ni kwamba wajukuu wao hawajijui. Heshima inayotolewa kwa kuogopa walio hai tu haijawa heshima, ni tahadhari.

Orodha yenyewe, lau ingalisomwa kwa masikio, ingalijifunza kutoka kwa jirani zake. Mstari mmoja tu chini ya "vita vifupi" pamekaa mkataba wa 27 Agosti 1928, ambao watia saini wake, Uingereza ikiwamo, waliapa kuiacha vita isiwe chombo cha siasa za mataifa. Mambo mawili yamelala kitanda kimoja, na msomaji wa orodha hakuyaona yakigeuziana mgongo. Kwa sababu orodha haina macho ya kuona uhusiano; ina vidole tu vya kuhesabia.

Na juu ya "vita vifupi" imekaa Krakatau. Asubuhi ya 27 Agosti 1883 mlima ule uliangamiza watu zaidi ya 36,000, wengi wao kwa mawimbi. Mshindo wake ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, huku katika Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita zipatazo 4,800. Lakini jambo halikuishia siku ile. Mawe yake mepesi yaeleayo yalishikwa na mkondo, yakasafiri miezi na miezi, hata mwaka uliofuata yakatupwa na maji katika pwani ya Afrika Mashariki. Aliyeokota jiwe lile ufukweni mwaka 1884 alikuwa ameishika 27 Agosti 1883 mkononi, wala kalenda yake haikumwambia. Hivyo ndivyo mambo yanavyotokea duniani: hutokea siku moja, na hufika siku nyingine.

Haiombwi hapa kwamba ada ya kutaja siku ifutwe. Watu wamekumbukana kwa siku tangu zamani; arubaini ya maiti ni siku, na Maulidi ni siku. Linaloombwa ni dogo, na lawezekana hata katika nusu dakika ya redio. Asemaye tarehe na aseme kwanza sababu, kisha idadi. Na aseme ni nani aliyehesabu. Na aseme jambo liliishia wapi, kwa kuwa mara chache huishia siku hiyo. Atakayeona hayo ni mzigo, na asome kipengele hiki, apime kwa saa yake mwenyewe:

"Siku kama ya leo, mwaka 1896, manuwari tano za Uingereza zilipiga mizinga majumba ya kifalme ya Unguja, ili kumwondoa Sultani ambaye Uingereza haikumkubali. Watu takriban mia tano wa majumba yale, yaliyokuwamo pia watumishi na watumwa, waliuawa au walijeruhiwa. Majina yao hayasomwi popote. Waliosalia walitozwa gharama za makombora. Khalid bin Barghash aliyeondolewa siku hiyo alifia Mombasa mwaka 1927."

Hayo hayazidi nusu dakika. Na baada yake, wimbo hautapigwa kwa haraka ile ile.

Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa na makombora yale. Badala yake, katika uso wa jumba lenyewe ukajengwa mnara wenye saa, na kwa zaidi ya karne moja mji uliinua macho kwake kujua wakati. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya uso ule ilianguka, na mnara ukaanguka nao. Tarehe hiyo nayo imekwisha kuingia katika orodha, na iko siku mtu ataisoma baina ya matangazo mawili. Itategemea kama atataja jumba tu, au atataja na waliokuwa chini yake.